Giza la Mbuzi wa Wiebe

Jua lilikuwa limeshapanda juu ya mlima Pirongia, na taa ya uani bado inawaka. Anneke aliiona alipotoka chumba cha kukamulia, mikono ikimnuka dawa ya kuoshea viwele. Akasimama chini ya mlingoti akaitazama kama mtu anavyomtazama mgeni asiyejua wakati wa kuondoka. Kisha akaipiga swichi kwa ngumi.

"Umeizima?" mama yake akauliza kutoka dirisha la jikoni.

"Kumekucha, Mama."

"Najua kumekucha. Nauliza, umeizima?"

"Nimeizima."

"Haya. Jioni nitaiwasha mwenyewe, usihangaike."

Hapo ndipo Anneke alipokuwa akichokea. Mama yake hakugomba wala hakulia. Kila jua likielekea kuzama alitoka na viatu vyake vya bustani, akavuka uani, akawasha ile taa, akarudi ndani. Usiku kucha mwanga mweupe ulimwagika kutoka mlango wa jikoni mpaka lango la banda, ukapita juu ya uzio na kuwaangukia mbuzi mia tatu ambao mwezi ule wa tisa walihitaji kitu kimoja tu, nacho ni giza.

Mbuzi walikuwa wa baba yake, Wiebe Hoekstra. Kila mwaka, baridi ikishika, Wiebe aliwawashia taa kali bandani kwa saa kadhaa baada ya jua kuzama, mbuzi wakadhani ni kiangazi. Mwezi wa nane ukiisha aliziondoa zote kwa mpigo mmoja. Usiku ukawa mrefu ghafla, mbuzi wakaona majira yamegeuka, na baada ya wiki kadhaa wakaanza kutaka dume wakati mbuzi wengine wote wa mkoa wa Waikato hawana habari. Hivyo walizaa wakati wenzao wanakauka maziwa, na baridi iliyofuata maziwa yao yakaenda kiwanda cha maziwa ya unga ya watoto wachanga. Kiwanda kiliwapenda akina Hoekstra kwa ajili ya maziwa hayo ya baridi. Bila hayo, walikuwepo wafugaji wengine wengi waliokuwa wakisubiri nafasi, na mbuzi wa Wiebe wangepelekwa mnadani.

Wiebe alifariki katikati ya kazi hiyo. Jioni ile alizima taa za banda kama kawaida, akaanza kurudi nyumbani gizani, kwa njia aliyoipita zaidi ya nusu ya maisha yake. Ngaire, mkewe, aliona banda likiingia giza, akajua anakuja, akabandika birika. Birika likachemka, kahawa ikamiminwa, kahawa ikapoa. Alipotoka kumtafuta alimkuta kando ya lango la banda, amelala kifudifudi, moyo umesimama. Daktari alisema hata angekuwa amesimama kwenye mlango wa hospitali asingepona. Ngaire alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, na wiki ya mazishi ilipopita akamwita kaka yake, Hēnare, aje kusimika mlingoti na taa.

Anneke aliacha kazi yake mjini Hamilton akaja kushika banda. Alikuwa amezaliwa humo humo, akajua kukamua kabla ya kujua kusoma. Taa za bandani alizizima kwa wakati, kama baba yake. Ile ya uani hakuifikiria. Ilikuwa taa ya mama, jambo la msiba, na mambo ya msiba mtu hayagusi.

Aliyemfumbua macho ni daktari wa mifugo, Philippa Goss, mwanamke mwenye sauti kubwa aliyekuja kuwaangalia mbuzi wawili wenye viwele vilivyovimba. Alipomaliza aliketi jikoni kunywa kahawa, akaelekeza kidole dirishani.

"Ile taa inawaka usiku?"

"Usiku kucha," alisema Anneke.

"Tangu lini?"

"Tangu Baba."

Philippa akaweka kikombe chini. "Anneke, banda lako paa ni plastiki na kuta hazipo. Umewawekea hawa mbuzi jua la usiku."

"Si kama taa za bandani. Ni moja tu."

"Hiyo moja inatosha. Sikiliza. Katikati ya kichwa cha mbuzi kuna tezi ndogo kama punje ya mtama. Giza likiingia inamwaga melatonini kwenye damu. Kukipambazuka inaacha. Mbuzi hana kalenda ukutani, anapima urefu wa usiku kwa hiyo melatonini. Akiona usiku umerefuka, tena na tena, wiki baada ya wiki, kuna seli chache huku chini ya ubongo zinaanza kuamka. Hizo ndizo zinazopeleka neno kwenye tezi nyingine, nayo inatuma homoni kwenye ovari, ndipo unamwona mbuzi anapunga mkia na kupiga kelele kama mwenda harusini. Sasa ukimwangazia usiku, melatonini inakatika, na zile seli zinabaki kimya. Haziumwi. Hazijapata neno, basi."

Ngaire alikuwa akiosha vyombo, mgongo amewapa. "Wanyama wote hivyo?" akauliza bila kugeuka.

"Hapana. Farasi ni kinyume. Farasi anataka mwanga."

"Basi tungefuga farasi."

Philippa alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. "Kuna vipande vya melatonini vya kupachika chini ya ngozi, nyuma ya sikio," alimwambia Anneke. "Kondoo wanapachikwa sana."

"Kiwanda hakitaki. Maziwa ya watoto. Hawataki kusikia homoni ya kupachika hata kwa mbali."

"Basi mzime taa."

Maji yalikuwa yakitiririka kwenye sinki. Ngaire akafunga bomba, akafuta mikono kwa aproni, akageuka. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, nywele nyeupe amezifunga nyuma.

"Itazimwa siku tutakayofunua jiwe lake," alisema.

Jiwe la kaburi la Wiebe lingefunuliwa mwaka ukitimia, baridi ijayo, ndugu wote wakiwa wamekusanyika, kama ilivyo desturi ya ukoo wa Ngaire. Philippa alikuwa ameishi bonde lile vya kutosha kujua hilo bila kuelezwa. Akamtazama Anneke, akamaliza kahawa yake kwa mkupuo mmoja, akaenda.

"Mama," alisema Anneke, "mbuzi hawawezi kungoja jiwe."

"Na mimi siwezi kukaa nikitazama giza. Tumelingana."

Basi Anneke akaanza kutafuta njia za pembeni. Alifunga turubai jeusi upande wote wa banda unaotazama nyumba. Upepo wa magharibi, ule unaotoka pwani ya Kāwhia, uliliacha siku mbili, ya tatu ukalipasua katikati, na mbuzi wakala kamba. Akabadilisha balbu akaweka ndogo. Ngaire aliiwasha, akaitazama kidogo, akasema, "Hii taa inaumwa?" Akaweka nyekundu, kwa sababu Philippa alisema mwanga mwekundu una nafuu. "Uani kwangu kumekuwa baa," alisema Ngaire, na kesho yake Anneke alimkuta juu ya ngazi, na umri wake ule, balbu kubwa kwapani, akijaribu kuibadilisha kwa mkono mmoja.

"Shuka, Mama! Unataka niwazike wawili mwaka mmoja?"

"Nishikie ngazi basi, badala ya kupiga kelele."

Anneke akashika ngazi. Alishika ngazi, akamtazama mama yake akifunga balbu itakayomharibia kazi, na hakuwa na la kufanya ila kushika imara ili asianguke.

Mara moja tu alithubutu kuchomoa fyuzi. Alipokwenda kukamua alfajiri, alimkuta mama yake amekaa juu ya marobota ya nyasi katikati ya banda, blanketi mabegani, tochi tatu zimewashwa pande zote, na mbuzi wamemzunguka macho yakiwaka kama shilingi mpya.

"Taa ilikufa," alisema Ngaire. "Nikaona nije huku huku."

Anneke akairudisha fyuzi. Alikamua mbuzi wote, kisha akaipiga teke ndoo iliyokuwa haijamkosea.

Mwezi wa kumi ulipoanza mjomba Hēnare alileta mabeberu, vile vile kama alivyomletea Wiebe kila mwaka. Aliwafuga upande wa pili wa kilima ili majike wasiwasikie wala kuwanusa kabla ya wakati, kwani harufu ikija ghafla ndiyo inayowachangamsha. Alishusha mabeberu sita kwenye gari, ndevu zimelowa mkojo wao wenyewe, na harufu yao ikafika jikoni kabla ya mlango wa gari kufungwa.

Miaka mingine majike wangekimbilia uzioni wakisukumana. Safari hii walinyanyua vichwa, wakanusa, wakarudi kula. Beberu mkubwa kuliko wote alitoa ulimi, akapiga kwato chini, akamzunguka jike mmoja mweupe akimwimbia. Jike akalala.

"Ala!" alisema Hēnare. Aliegemea uzio, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. "Wanaume wameoga, wamejipaka marashi, wamefika ukumbini, na bibi harusi anasinzia."

"Mjomba, usinichekeshe."

"Nani anachekesha? Naona aibu kwa niaba yao. Mtazame huyu, baba wa watu, anajiuliza amekosea nyumba."

"Ni ile taa."

"Taa niliyoisimika mimi?"

"Hiyo hiyo."

Hēnare akavua kofia, akakuna kichwa, akaivaa tena. Anneke alimweleza yote: tezi, melatonini, seli zinazongoja, jiwe la kaburi. Mjomba alisikiliza akitazama chini. Kisha akatembea mpaka kwenye dirisha la jikoni, Anneke nyuma yake.

"Dada," alisema, "hiyo desturi ya taa mpaka jiwe lifunuliwe umeitoa wapi? Mimi na wewe tumezika watu kwenye marae moja, uwanja ule ule wa ukoo wetu, tangu utoto. Sijawahi kuisikia."

"Nimeitunga."

"Umeitunga?"

"Kila desturi kuna mtu aliyeitunga. Waondoe mabeberu wako, wananitilia harufu nguo za kwenye kamba."

Hēnare alimtazama mpwa wake, akainua mikono. Akawapakia mabeberu, wakipinga kila mguu, akaondoka nao.

Mchana ule walikula mchemsho wa nyama ya nguruwe na viazi, na zile mboga ambazo Ngaire huchuma kijitoni. Simu ilikuwa imelia asubuhi wakati Anneke yuko bandani. Mwanamke wa kiwandani aliacha ujumbe wa sauti, akitaka kujua wategemee maziwa kiasi gani mwezi wa tatu. Anneke alikuwa bado hajampigia. Kila akiinua kijiko aliisikia ile sauti ya adabu, akakishusha.

"Nimjibu nini, Mama? Nimwambie mbuzi wako matangani?"

"Mwambie hivyo hivyo."

"Baba aliwajenga hawa mbuzi tangu walipokuwa kumi. Ndio waliokuwa maisha yake. Wewe mwenyewe ulikuwa ukilalamika kwamba anawajua kwa majina kuliko ndugu zako."

"Alikuwa anawajua."

"Sasa watapelekwa mnadani kwa sababu ya balbu! Giza halikumuua Baba."

"Najua."

"Daktari alisema hata kama—"

"Nilikuwepo, Anneke. Nilimsikia kuliko wewe." Ngaire akasukuma sahani pembeni. Alipoendelea sauti yake ilikuwa ile ile ya kawaida, kama anaeleza bei ya sabuni. "Taa za banda zilizimika. Nikasema, huyo anakuja. Nikapanga vikombe. Nikachukua biskuti kwenye kopo nikala kabla hajaingia, maana unamjua baba yako, biskuti moja tu kwa kikombe, kisha kopo linafungwa, nikawa nacheka peke yangu hapa. Nilikuwa nacheka, na yeye yuko chini pale. Nilitazama dirishani mara mbili. Kulikuwa giza, na kimya. Mtu anayekuja gizani na mtu aliyeanguka gizani, ukiwa hapa ndani, ni kimya kile kile. Sasa wewe unatoka kila jioni kufanya ule mzunguko wake wa mwisho, unapita pale pale. Unataka nikae hapa nikisikiliza kimya kile tena."

Anneke hakuwahi kusikia habari ya biskuti. Alipaswa kuinuka amshike mama yake, na alijua hivyo. Lakini alikuwa amechoka kwa wiki nyingi, mikono inamuuma, mabeberu wamerudishwa, na hasira iliyokuwa imemjaa haikuwa na mahali pengine pa kutokea.

"Kwa hiyo unataka nifanye nini?" alisema kwa nguvu. "Nipige kelele kutoka bandani mpaka mlangoni, kila jioni, kama kichaa, ili ujue bado ninapumua?"

Ngaire alimtazama.

"Ungeweza?"

"Nini?"

"Kupiga kelele njia nzima."

"Mama, nilikuwa nakudhihaki."

"Najua ulikuwa unanidhihaki. Ninauliza, ungeweza?"

Jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, Ngaire hakuvaa viatu vya bustani. Anneke alikagua mbuzi, akafunga lango la banda, akageuka. Hakuna kilichoonekana, hata mikono yake. Nyumbani palikuwa na mwanga mdogo wa jikoni tu, nyuma ya pazia. Alifungua mdomo na maneno yakamkimbia, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa.

"Haya," alisema. "Ninakuja."

"Sikusikii!"

"Ninakuja, nimesema! Nimefunga lango! Sasa napita kwenye pipa la maji! Nikwambie nini kingine? Haya, mbuzi! Sjoukje amekula vizuri! Pōhutu bado anachechemea mguu wa nyuma! Bibi Tutu amemng'ata mwenzake sikio tena! Nimefika kwenye kamba ya nguo! Sasa ngazi! Moja, mbili, mlango!"

Mlango ulifunguliwa kabla hajaugusa. Mama yake alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mkono kifuani.

"Pōhutu mpake mafuta," alisema Ngaire, akaenda kubandika birika.

Philippa alipoambiwa alifurahi, halafu akahesabu kwa kichwa akaacha kufurahi. "Mmechelewa," alisema. "Sasa kiangazi kinakaribia, usiku wenyewe unafupika. Watakaosikia watasikia, wengine hapana. Anzeni upya kungoja, na msiwaonyeshe beberu hata mmoja."

Wakangoja. Mvua ikinyesha Anneke alipiga kelele kwenye mvua. Alipopata mafua alinguruma kama beberu, na mjomba Hēnare, aliyekuja siku moja kwa chakula, alisema sasa anaelewa kwa nini majike hawakuona haja ya wanaume wake. Majina ya mbuzi yalimwishia. Akasema hali ya hewa, akasema matokeo ya raga, akasema alichokiona barabarani. Siku nyingine alijiona mjinga hadi machozi yakamlengalenga. Ilikuwa kazi juu ya kazi, na mama yake hakumsamehe hata jioni moja.

Mabeberu walirudi mwezi wa kumi na moja ukielekea kwisha. Safari hii kulikuwa na mikia iliyopunga, kulikuwa na majike waliosukumana uzioni na kupiga kelele, na beberu mkubwa alipata heshima yake. Lakini wengi walitazama tu na kurudi kula. Philippa alipokuja baadaye na kipimo chake, mbuzi mmoja baada ya mwingine, wenye mimba hawakufika nusu.

Anneke alipiga simu kiwandani akiwa amesimama. Mwanamke yule alikuwa mpole. Alisema anaelewa, alisema pole kwa msiba, alisema baridi inayokuja watayapokea hayo maziwa kidogo yatakayokuwepo. Baridi ya baada ya hiyo, kama yatakuwa kidogo tena, nafasi atapewa mwingine. Alisema hilo pia kwa upole.

Kwa hiyo mbuzi walibaki, kwa mwaka mmoja. Anneke hakuona cha kushangilia. Nusu! Baba yake hakuwahi kushuka mpaka nusu. Zile wiki za mwezi wa tisa, taa ikiwaka na yeye ameshika ngazi, hazingerudi. Jioni ile alizunguka banda, akawatazama majike wasio na kitu wakitafuna kwa raha zao, akafunga lango kwa kishindo na kuanza kuvuka uani amekaza taya.

Alikuwa amefika katikati dirisha lilipofunguliwa kwa nguvu.

"Anneke!" Sauti ya mama yake ilikuwa imepanda juu, nyembamba, hakuwahi kuisikia hivyo. "Anneke!"

Akasimama. "Nipo, Mama."

"Mbona kimya?"

"Nimenyamaza kwa hasira tu."

Alisikia mama yake akishusha pumzi, akasikia kiwiko kikiegemezwa kwenye ubao wa dirisha.

"Basi kasirika kwa sauti," alisema Ngaire.

Na Anneke akakasirika kwa sauti. Alianza na mwanamke wa kiwandani na upole wake, akaja kwenye upepo wa Kāwhia, akaja kwenye mbuzi mmoja mmoja kwa jina, wale wavivu, wale vichwa maji, akamtukana beberu mkubwa asiye na kosa, akaja kwa mama yake na balbu zake, naye dirishani akajibu "Ndiyo, ndiyo, endelea," na alipofika kwenye kamba ya nguo akaja kwa baba yake, aliyekwenda zake kazi haijaisha na kumwachia yeye, akamwambia Baba yote aliyokuwa hajamwambia, kwa sauti ambayo mbuzi wote walinyanyua vichwa kuisikiliza, akitembea.